Alama mbili zisizoandikwa: uchambuzi wa kisa cha maombi ya chuo Marekani

Kisa hiki ni cha familia moja ya Wakongomani wanaoishi Marekani. Jina la binti, mji, shule yake ya sekondari na vyuo alivyoomba vimeondolewa, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili asitambulike. Hapa tutamwita Zawadi. Yeye na wazazi wake wameridhia kisa kiandikwe, kwa sababu wanajua kuna nyumba nyingi za Waswahili huko Marekani ambazo kila mwaka zinakutana na swali lilelile: mtoto amefanya mitihani ya AP, ile ya kiwango cha chuo inayofanywa sekondari, baadhi ya alama ni nzuri na baadhi si nzuri. Zipi ziandikwe kwenye fomu ya kuomba chuo?

Usuli

Zawadi alizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko mkoani Kigoma, Tanzania. Wazazi wake walifika hapo wakitokea Kivu Kusini. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kambini, na kwa kuwa watoto wa Kikongo kule walifundishwa kwa mtaala wa Kongo, Zawadi alianza kusoma na kuandika kwa Kifaransa. Alikuwa na miaka 9 familia ilipohamishiwa Marekani, katika mji wa wastani kwenye majimbo ya kati. Baba akaingia zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama. Mama akapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Kifaransa hakikufa nyumbani, kwa sababu baba aliendelea kuwasomesha wanawe kila Jumapili baada ya ibada.

Shule yake ya sekondari ilikuwa kubwa, yenye wanafunzi wengi wa familia za kipato cha chini. Mshauri wa masuala ya chuo alikuwa na wanafunzi zaidi ya 400 mikononi mwake, wakati chama cha kitaifa cha washauri wa shule kinapendekeza wasizidi 250 kwa mshauri mmoja. Hili si la kumlaumu mtu. Ni la kukumbuka tunapofika kwenye ushauri aliotoa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na mitihani hii: Advanced Placement, ambayo kila mtu anaiita AP, inaendeshwa na College Board, shirika lilelile lenye SAT, mtihani wa kuombea chuo. Ilianza miaka ya 1950. Mwanafunzi wa sekondari anasoma somo kwa kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo, anafanya mtihani mwezi wa Mei, na mwezi wa Julai anapewa alama kati ya 1 na 5. Kwa kipimo cha College Board, 3 ni kufuzu, 4 na 5 ni kufuzu vizuri zaidi, na 2 maana yake ni kwamba huenda amefuzu, huenda hajafuzu.

Darasa la AP na mtihani wa AP ni vitu viwili. Alama ya darasani, ile A au B, inatolewa na mwalimu na inaingia kwenye transkripti ya shule, yaani rekodi rasmi ya masomo yake. Alama ya mtihani inakaa kwenye akaunti ya mwanafunzi College Board, na kwa shule nyingi haimo kwenye transkripti. Halafu kuna jambo ambalo ndilo kiini cha kisa hiki: alama hiyo ya mtihani inasomwa na ofisi mbili tofauti, kwa nyakati mbili tofauti. Ofisi ya udahili inaiangalia ili kuamua kama mwanafunzi aingie. Ofisi ya usajili inaiangalia baadaye, mwanafunzi akishakubaliwa, ili kuamua kama apewe krediti, yaani ahesabiwe kuwa amekwisha kusoma sehemu ya masomo ya chuo, na asamehewe somo fulani. Ofisi ya kwanza inaridhika na alama ulizoziandika mwenyewe kwenye fomu. Ya pili inataka taarifa rasmi inayotoka College Board moja kwa moja.

Alipomaliza darasa la 11, Zawadi alikuwa amefanya mitihani mitano. Jiografia ya Binadamu, aliyoifanya darasa la 9 akiwa bado anapambana na Kiingereza cha vitabu: 2. Kifaransa, darasa la 10: 5. Kisha mitatu kwa mkupuo katika darasa la 11: Biolojia 4, Lugha ya Kiingereza na Utunzi 3, Historia ya Marekani 2. Darasani, somo hilo la historia alikuwa na A-.

Kiswahili, lugha anayoiongea vizuri kuliko zote, hakina mtihani wa AP. Kuna Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kiitaliano, Kichina, Kijapani na Kilatini. Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, ina mahali pa kutaja lugha anazozijua mwombaji, na huko ndiko Kiswahili chake kilikopata nafasi.

Yaliyotokea

Matokeo yalitoka Julai. Zawadi aliyaona kwenye simu, akamwonyesha baba yake jioni kabla hajatoka kwenda zamu. Baba alizitazama zile 2 mbili muda mrefu. Alikuwa mtu wa mtihani wa taifa: aliupata mtihani wa serikali wa Kongo kwa asilimia iliyoandikwa kwenye diploma yake, na mtu haombi diploma ionyeshe masomo aliyofanya vizuri tu. Kambini pia alizoea kuona matokeo ya Watanzania yakitangazwa na NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, kila shule na kila mtahiniwa, wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Agosti 1 fomu mpya ya Common App ilifunguliwa. Zawadi alianza kujaza, akafika sehemu ya mitihani. Fomu inauliza kama mwombaji anapenda kuripoti alama zozote mwenyewe. Ukisema ndiyo, unachagua aina ya mitihani. Ukichagua AP, unaulizwa ni mingapi unayotaka kuripoti, pamoja na ile unayotarajia kuifanya. Aliacha hapo, hakujua aandike mingapi.

Septemba alimpata mshauri wa shule kwenye korido, kati ya kengele mbili. Jibu lilikuwa fupi: weka 4 na 5 tu, 3 na kushuka achana nazo. Hakuna maelezo yaliyofuata, na kusema kweli hapakuwa na muda wa maelezo.

Wiki chache baadaye, kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa jumuiya, mwanafunzi mmoja aliyemtangulia alimwandikia kwamba ageuze tu 2 ya historia iwe 3, kwa kuwa fomu haiombi cheti na hakuna anayekagua. Zawadi alimwonyesha mama yake ujumbe huo. Mama Zawadi alisema neno moja, "Futa," na mjadala ukaishia hapo.

Katikati ya hayo mama alikuwa na hofu yake nyingine. Aliambiwa na jirani kwamba kila chuo lazima kitumiwe taarifa rasmi, dola 15 kwa kila kimoja. Zawadi alikuwa na orodha ya vyuo 9, yaani dola 135, na mama alikuwa amekwisha kuziweka kando kutoka kwenye hela ya chakula.

Familia ilikuja kwetu mwezi wa Oktoba. Sisi ni kikundi kidogo cha kujitolea kinachosaidia vijana wa Kiswahili kujaza fomu za vyuo. Tulikaa mezani watu wanne: Zawadi, wazazi wake na mimi. Jambo la kwanza lilikuwa jepesi: vyuo vyote 9 vilikubali alama za kujiripotia wakati wa maombi. Tuliziangalia kurasa zao za udahili moja baada ya nyingine. Dola 135 zikarudi jikoni.

Jambo la pili halikuwa jepesi.

"Ndugu yangu," Baba Zawadi aliniambia, "huyu mtoto amefanya mitihani mitano. Akiandika mitatu, ile miwili ameificha. Kuficha na kusema uongo vinalala kitanda kimoja."

Nilimsomea maneno ya fomu kwa Kiswahili: inauliza alama ambazo mwombaji anataka kuziripoti. Haiombi zote. Chuo kinachotaka zote kinasema hivyo waziwazi. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa, kama ndivyo sheria yao inavyosema." Nilikuja kujua miezi tisa baadaye kwamba alikuwa amekubali kwa heshima tu, moyo wake haujaridhika.

Maamuzi, na kwa nini

Tulianza na wazo alilokuja nalo Zawadi mwenyewe: aifute kabisa alama ya historia. College Board inaruhusu. Kufuta hakuna malipo, kunaombwa kwa fomu yenye saini, na alama ikifutwa haitarudi tena. Kuna pia njia ya kuizuia alama isipelekwe chuo fulani, kwa dola 10 kwa kila alama na kila chuo, na hiyo unaweza kuiondoa baadaye. Tukaona zote mbili hazihitajiki. Wakati wa maombi, chuo kinaona kile tu anachokiandika mwombaji. Taarifa rasmi itakwenda baada ya kukubaliwa, na wakati huo 2 haimdhuru mtu. Kufuta kungemgharimu kitu ambacho hakirudi kwa ajili ya hatari ambayo haipo.

Pili, ile 3 ya Kiingereza. Hapa hatukukubaliana na mshauri wa shule, na bado naamini tulikuwa sahihi kwa Zawadi, ingawa kwa mtoto mwingine jibu lingeweza kuwa tofauti. Chuo hakisomi alama peke yake. Shule hupeleka pia wasifu wake, unaoeleza ina wanafunzi wa aina gani na inatoa masomo gani ya AP. Binti aliyeanza Kiingereza akiwa na miaka 9, kwenye shule ile, kupata 3 katika mtihani wa utunzi wa Kiingereza ni ushahidi kwamba ataweza kuandika insha za chuo. Halafu kulikuwa na jambo ambalo mshauri hakulitazama. College Board humpa cheo cha AP Scholar kila aliyepata 3 au zaidi katika mitihani mitatu. Zawadi alikuwa na mitatu kamili: 5, 4 na hiyo 3. Cheo hicho kingekwenda kwenye sehemu ya tuzo. Ungeandikaje tuzo inayosimama juu ya alama tatu, kisha uonyeshe mbili?

Kwa hiyo kwenye vyuo 8 aliandika alama tatu: Kifaransa 5, Biolojia 4, Kiingereza 3. Akaongeza Kalkulasi AB na Kemia kuwa mitihani anayotarajia Mei, kwa sababu alikuwa tayari kwenye madarasa hayo na alikusudia kweli kuifanya.

Chuo cha 9 kilikuwa na sheria yake. Tangu vyuo kadhaa virudishe sharti la mitihani baada ya miaka ya korona, vichache vimeweka sharti lenye uhuru ndani yake. Yale, kwa mfano, ilitangaza Februari 2024 kwamba mwombaji anaweza kutimiza sharti kwa mitihani ya aina yoyote kati ya SAT, ACT, AP na IB, lakini anayechagua AP aripoti alama za mitihani yote aliyokwisha kuifanya. Chuo alichoomba Zawadi kilikuwa na sharti la namna hiyo. SAT yake ilikuwa ya kawaida, na 5 ya Kifaransa pamoja na 4 ya Biolojia zilionekana kumtetea vizuri zaidi. Akachagua AP. Basi akaandika zote tano, pamoja na zile 2. Hapo hapakuwa na mjadala: chuo kimeuliza zote, unajibu zote.

Hili lilileta shida ya kiufundi ambayo wengi hawaijui. Common App ni fomu moja kwa vyuo vingi. Ukiibadilisha baada ya kuituma kwa chuo kimoja, mabadiliko yanakwenda kwa vyuo utakavyotuma baadaye tu, na kilichokwisha kutumwa hakibadiliki. Tukapanga foleni. Vyuo vya alama tatu vilitumwa kwanza, vyote, tukathibitisha kimoja kimoja. Kisha sehemu ya mitihani ikafunguliwa upya, zikaingizwa tano, na chuo cha 9 kikatumwa peke yake. Chuo kikuu cha jimbo lao kilikuwa na fomu yake pia kwa anayetaka kuitumia, lakini Zawadi alitumia Common App huko pia, kwa hiyo nacho kilikuwa kwenye foleni ya kwanza.

Kuhusu pengo la historia, A- darasani na 2 kwenye mtihani, tuliamua kutoandika maelezo yoyote. Kuna sehemu ya maelezo ya ziada na kishawishi cha kuijaza ni kikubwa. Lakini msomaji wa udahili anajua kwamba wanafunzi wengi wenye darasa la AP kwenye transkripti hawaripoti alama, na wengine hawakufanya mtihani kabisa kwa sababu unagharimu karibu dola 100. Zawadi alipunguziwa ada kwa sababu ya kipato cha familia, ila chuo hakina haja ya kujua hayo. Sehemu ya maelezo aliitumia kueleza jinsi alivyokuwa mkalimani wa mama yake hospitalini, jambo lililokuwa na uzito kuliko alama yoyote kati ya tano.

Matokeo

Machi na Aprili majibu yakafika. Chuo kikuu cha jimbo kilimkubali, pamoja na vyuo vingine vitatu. Viwili vilimweka kwenye orodha ya kusubiri. Vilivyobaki vilimkataa, kikiwemo kile cha alama tano. Ni rahisi kusema zile 2 zilimponza huko, na Zawadi mwenyewe alisema hivyo kwa wiki nzima. Chuo kile kinakataa sehemu kubwa sana ya waombaji wake, wakiwemo wenye 5 tupu, na hakimwelezi mtu sababu. Hatuwezi kulijenga somo juu ya jibu hilo.

Alichagua chuo kikuu cha jimbo, kwa sababu ya msaada wa fedha na kwa kuwa angeweza kurudi nyumbani kwa basi. Alikusudia kusoma uuguzi.

Na hapa ndipo kisa kilipoharibika kwa muda, baada ya watu wote kudhani kimekwisha.

Kila mwaka College Board inampa mwanafunzi nafasi moja ya kupeleka taarifa rasmi bure kwa chuo anachokitaja, mradi akitaje kabla ya Juni 20. Zawadi alifanya Kalkulasi na Kemia mwezi wa Mei, lakini hakutaja chuo. Juni alihudhuria siku za maelekezo kwa wanafunzi wapya, na mshauri wa masomo, akitazama faili lisilo na taarifa rasmi, akamwandikisha somo la uandishi wa mwaka wa kwanza na Kifaransa cha mwanzo, kwa sababu programu ilidai lugha ya kigeni. Binti aliyepata 5 ya Kifaransa angekaa darasani na wanaojifunza kusema habari za asubuhi.

Nililijua hilo mwezi wa Julai, nilipoonana na Baba Zawadi kwenye harusi na kumuuliza binti ameandikishwa masomo gani. Aliponieleza nikamuuliza kwa nini hawajatuma taarifa rasmi. Alisita, akanivuta pembeni.

"Si ile karatasi ina zote tano? Wataona zile tulizowaficha."

Ndiyo, taarifa rasmi hubeba alama zote za miaka yote, isipokuwa zilizofutwa au kuzuiwa. Na ndiyo, chuo kingeziona zile 2. Miezi tisa nzima mzee huyu alikuwa akiamini kwamba binti yake ameingia chuo kwa jambo ambalo lingeweza kumfukuzisha. Alimwambia Zawadi asiguse akaunti ya College Board. Zawadi alimtii baba yake.

Wiki ileile ilitumwa taarifa kwa dola 15. Chuo kiliipokea baada ya siku chache. Hakuna aliyeuliza chochote kuhusu Jiografia wala Historia. Kifaransa 5 kilitimiza sharti la lugha na kumpa krediti. Kiingereza 3, ile alama iliyoambiwa isitajwe popote, ilimsamehe somo la uandishi wa mwaka wa kwanza. Kalkulasi, aliyopata 3, ilimpa krediti pia. Kemia alipata 2, haikumpa kitu na haikumwondolea kitu. Biolojia 4 ilimpa krediti za jumla, ila programu ya uuguzi ilimtaka asome biolojia hapohapo chuoni, na alikubali kwa furaha kwa sababu ndilo somo alilotaka kulijua kwa kina. Ratiba yake ikapangwa upya kabla muhula haujaanza. Aliingia chuo akiwa na karibu muhula mmoja mkononi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri ni kusoma sheria ya kila chuo kabla ya kuamua. Ushauri wa jumla, "3 na kushuka achana nazo," ulikuwa na mantiki kwa aina moja ya chuo na aina moja ya mwombaji. Kwa vyuo vinavyochuja sana, 3 haiongezi kitu kikubwa, na baadhi yao hata 5 haileti krediti: Brown haitoi krediti kwa AP, na Dartmouth iliacha kuzitoa kwa waliojiunga kuanzia 2014. Lakini vyuo vikuu vya umma ni dunia nyingine. Texas, Illinois na Ohio ni mifano ya majimbo ambayo yameweka utaratibu wa vyuo vya umma kutoa krediti kwa alama kuanzia 3. Mtoto anayeambiwa kwamba 3 ni aibu anajifunza kuidharau alama ambayo jimbo lake limeipa thamani ya fedha. Kwa familia ya mfanyakazi wa kiwanda cha nyama, somo moja la chuo lisilolipiwa ni mshahara wa wiki kadhaa.

Kufuata sharti la chuo cha 9 kwa ukamilifu, hata lilipouma, lilikuwa jambo sahihi na ningelirudia. Uaminifu kwenye fomu hizi una maana mahususi: usiandike usichokipata, na ujibu kikamilifu ulichoulizwa. Yule kijana wa WhatsApp alikosea hata kwa hesabu ya ujanja tu, kwa kuwa alama ya kujiripotia hukutana na taarifa rasmi baadaye, na chuo kina haki ya kufuta nafasi ya mtu ambaye namba zake hazilingani. Lakini Mama Zawadi hakuhitaji hesabu hiyo, na namheshimu kwa hilo.

Kupanga foleni ya Common App kulisaidia, ingawa ni kazi ya kuchosha na inahitaji jicho la pili. Familia isiyo na chuo chenye sharti la alama zote haina haja nayo.

Kilichoshindwa ni maelezo kwa baba. Tatizo halikuwa kwamba hakuelezwa sheria. Alielezwa, akaitikia. Alichokosa ni kuelezwa mwisho wa safari: kwamba siku itafika alama zote tano zitawekwa mbele ya chuo, kwa hiari ya familia, na kwamba siku hiyo ndiyo yenye faida kuliko zote. Kama angejua tangu Oktoba kwamba zile 2 zitaonekana na hazitaleta neno, uamuzi wa kutoziandika usingekuwa siri kwake. Ungekuwa uchaguzi wa kipi kitangulie. Badala yake kukawa na siri ndani ya nyumba, na siri hiyo ilifunga mlango wa ofisi ya usajili ambako pesa zilikuwa zikisubiri.

Nadhani hili linawahusu Waswahili kwa namna ya pekee. Sisi tumetoka kwenye nchi ambazo matokeo ni tangazo la serikali. NECTA haimuulizi mtoto anapenda kuonyesha masomo gani. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, nayo hivyohivyo, na mtihani wa serikali wa Kongo pia. Mzazi aliyekulia humo akiona fomu inayompa mwanawe uchaguzi, anaona mtego au anaona hila. Wapo wanaokwenda upande mmoja, wakaandika kila kitu na kumwumiza mtoto bila sababu. Wapo wanaokwenda upande mwingine, wakadhani kama unaweza kuchagua basi unaweza na kubadilisha. Baba Zawadi alikaa katikati, akatii bila kuamini, na hiyo ndiyo hali ngumu zaidi kuigundua, kwa sababu mtu wa namna hiyo hakubishii. Tangu kisa hiki, kikundi chetu kinamwomba mzazi aeleze yeye mwenyewe, kwa maneno yake, nini kitatokea chuo kitakapopokea taarifa rasmi. Wengi wanasema chuo kitakasirika. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Kuna jambo lingine ambalo familia haikuwa na uwezo nalo. Zawadi aliingizwa darasa la AP la Jiografia ya Binadamu akiwa darasa la 9, na baada ya hapo hakuna aliyekaa naye kuuliza kama Kiingereza chake kimefikia kusoma kitabu kile. Shule yake ilijivunia idadi ya wanafunzi wanaosoma AP. Naiunga mkono nia hiyo: watoto wa wakimbizi wamefungiwa milango ya madarasa haya kwa miaka mingi, na bila mlango kufunguliwa Zawadi asingefika kwenye Biolojia wala Kifaransa. Lakini kumfungulia mtoto mlango bila mwalimu wa ziada, bila msaada wa lugha, kisha kumwachia 2 aibebe peke yake hadi darasa la 12, ni kazi iliyofanywa nusu.

Mdogo wake Zawadi yuko darasa la 10 sasa na amejiandikisha kwa Kifaransa. Baba anamsomesha kila Jumapili kama kawaida. Kwenye kalenda ya ukutani, Mama Zawadi amezungushia Juni 20 ya mwaka ambao kijana huyo atamaliza sekondari.